Ndege wafu na malimau: wanachokosea watu kuhusu Waimpreshonisti

Dhana: Waimpreshonisti, wachoraji wa karne ya 19 nchini Ufaransa, walichora nje tu, juani na kando ya mito.

Ukweli: Mawindo na matunda walichorea ndani, mezani. Mwaka 1867, jijini Paris, Bazille na Sisley walimchora korongo mfu yuleyule, kila mmoja kwa upande wake, na Renoir akamchora Bazille akiwa kazini mbele ya ndege huyo. Monet alichora ndege wa mawindo, fezanti na vitwitwi, mwaka 1879. Caillebotte, mawindo na malimau mwaka 1883. Kwa Monet mfuko nao ulisema: picha zake za vitu tuli, kama matunda na mawindo, zilinunulika kwa urahisi kuliko mandhari.

Dhana: Cheupe huchorwa kwa rangi nyeupe, kivuli kwa nyeusi.

Ukweli: Hapa ndipo penye utamu. Tazama matunda ya dukani ya Caillebotte, picha iliyoko Boston. Karatasi zilizoyazunguka tunaziona nyeupe, lakini mikunjo yake ina buluu na zambarau hafifu. Ukitaka kujaribu, changanya nyeupe sehemu kumi na buluu ya kobalti sehemu moja, tia chembe ya nyekundu, kisha paka kando ya chungwa. Chungwa litawaka, kwa kuwa buluu ndiyo kinyume chake. Ukitia nyeusi badala yake, kivuli hugeuka jivu na tunda likaonekana limepakwa masizi. Si kwamba nyeusi ilikuwa mwiko, Renoir aliipenda.

Dhana: Kila picha ilimalizwa kwa kikao kimoja.

Ukweli: Ndege ndiye mwenye haraka. Hukakamaa ndani ya saa chache, macho yakadidimia na kufifia, kwa hiyo ni busara kuanza na kichwa. Limau linasubiri siku kadhaa. Rangi ya mafuta nayo ina masharti yake: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, la chini likiendelea kujivuta, na picha hupasuka nyufa.

Dhana: Ndege mfu ni ishara ya mauti.

Ukweli: Hayo yatafute kwa Waholanzi wa karne ya 17, penye fuvu na mshumaa uliozimika. Kuku na ndege wa Caillebotte wametundikwa dukani, wanangoja mnunuzi.