Kitambi na mishipa ya damu ya mwanaume: maswali na majibu

Wanaume wengi hukiona kitambi kama suala la nguo tu: suruali inabana, mkanda umehamia tundu jingine. Maswali haya hujitokeza pale mazungumzo yanapoacha nguo na kufika kwenye damu. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mafuta yako tumboni, damu iko ndani ya mishipa. Vinakutana wapi?

Tuanzie hapa, maana wengi wanadhani mafuta ya mwili ni akiba iliyolala ghalani ikisubiri siku ya njaa. Sivyo. Mafuta ni tishu hai, yanafanya kazi usiku na mchana, yanatengeneza homoni na kemikali na kuzimwaga kwenye damu.

Yapo mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole. Na yapo yaliyojificha ndani zaidi, yanayozunguka utumbo, ini na figo. Hayo ya ndani ndiyo hatari zaidi. Seli zake zikijaa kupita kiasi, askari wa mwili, yaani chembe za kinga, huvutwa humo kana kwamba kuna kidonda. Vita inaanza, vita ndogo isiyo na homa wala maumivu, lakini isiyokwisha. Kemikali zake husafiri na damu na kuigusa mishipa yote. Wakati huohuo, adiponektini, homoni ya kwenye mafuta ambayo kazi yake ni kutuliza vita hiyo, hupungua kadiri kitambi kinavyokua.

Kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya damu inayotoka kwenye mafuta hayo hupita moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa na mafuta, nalo huyarudisha kwenye damu kwa sura ya trigliseridi, aina ya mafuta yanayosafiri ndani ya damu, lehemu (kolesteroli) nzuri inashuka, na mwili unaanza kuikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kisukari cha aina ya pili huanzia hapo kwa watu wengi.

Mshipa wenyewe unaharibikaje?

Mshipa si bomba. Kwa ndani umetandikwa utando wa tabaka moja tu la seli, uitwao endotheli, na utando huo ndio unaouamuru mshipa utanuke au ujibane. Hilo lilionekana wazi mwaka 1980, mwanasayansi wa Marekani Robert Furchgott alipochukua vipande vya mshipa mkuu wa sungura na kuviwekea kemikali iitwayo asetilikolini. Vipande vilivyokuwa bado na utando wake vililegea. Vile ambavyo utando ulikuwa umesuguliwa ukatoka, vilikataa kulegea. Mshipa uleule na kemikali ileile. Kilichokosekana ni utando tu.

Baadaye ikabainika kuwa utando huo hutoa gesi, oksidi ya nitriki, inayopenya kwenye misuli ya ukuta wa mshipa na kuilegeza. Furchgott na wenzake Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998 kwa ugunduzi huo.

Sasa turudi kwa mwenye kitambi. Vita ile ya ndani, sukari iliyopanda na insulini inayokaidiwa vyote hupunguza oksidi ya nitriki. Mshipa unakuwa mzito wa kutanuka. Utando unapoteza utelezi wake, chembe za damu zinaanza kunasa, lehemu mbaya inapenya ukutani na kujikusanya. Hayo huchukua miaka mingi. Bonge la mafuta ukutani likipasuka, damu huganda juu yake kwa muda mfupi na kuziba njia. Ikitokea kwenye mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikitokea kwenye mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Kwa nini wanaume hasa?

Kwa sababu mwili wa mwanaume una tabia ya kupeleka mafuta tumboni, wakati wa mwanamke ambaye hajakoma hedhi hupeleka zaidi kwenye mapaja na makalio, mahali ambapo madhara yake kwa mishipa ni madogo. Ndiyo sababu moja inayofanya magonjwa ya mishipa ya moyo kuwafikia wanaume mapema kuliko wanawake.

Halafu kuna testosteroni, homoni ya kiume. Tishu ya mafuta ina kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kitambi kikikua, testosteroni inashuka. Testosteroni ikishuka, misuli inapungua na mafuta yanaongezeka. Mwanaume anajikuta amechoka na hana hamu ya mazoezi, naye anajilaumu kuwa mvivu, kumbe sehemu ya uchovu huo inatoka kwenye tumbo lenyewe.

BMI yangu haina tatizo. Bado nihofie?

BMI ni kilo zako ukigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kuanzia 25 unahesabiwa una uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Lakini hesabu hiyo haijui mafuta yamekaa wapi. Mwanaume mwenye mikono na miguu myembamba na tumbo lililochomoza anaweza kupata namba nzuri na bado akawa na mafuta mengi ya ndani.

Tafuta futi ya fundi cherehani. Vua shati, simama wima. Papasa ubavuni upate mbavu ya mwisho, kisha shuka hadi juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita, ikiwa sawa mbele na nyuma. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, kisha soma. Kosa la kawaida ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi. Namba inatoka ndogo, mtu anafurahi, na tumbo liko palepale.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huhesabu kuanzia sentimita 94 kuwa ni nyingi mno kwa wanaume wa Ulaya na wa Afrika kusini mwa Sahara, na 90 kwa wanaume wa Asia Kusini. Kama hutaki kukariri namba, chukua hii: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170 abaki chini ya 85.

Presha inaingia wapi?

Inaingia kwa njia kadhaa kwa pamoja. Mafuta ya ndani huzikandamiza figo, nazo huzuia chumvi na maji yasitoke. Mafuta huongeza homoni zinazobana mishipa. Neva zinazoupa moyo kasi hukaa macho muda wote. Ongeza mkoromo: shingo iliyonenepa hubana njia ya hewa usingizini, pumzi inakatika, mwili unashtuka, presha inapanda, na hayo hujirudia usiku kucha. Mwenzako akikwambia kuwa unakoroma, unanyamaza ghafla kisha unavuta pumzi kwa nguvu, mpelekee daktari habari hiyo kama alivyokuambia.

Ukienda kupima, angalia kitambaa unachofungwa mkononi. Kikiwa kidogo kwa mkono mnene, kinatoa namba ya juu kuliko ilivyo kweli. Una haki ya kuomba kikubwa. Presha ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu, hata kama hujisikii chochote.

Najisikia mzima kabisa. Kuna dalili yoyote ya mapema?

Ipo, na ndiyo ambayo wanaume huisema mwisho, wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango ili waondoke: uume hausimami kama zamani, au unasimama kisha unalegea.

Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa. Oksidi ya nitriki hutolewa, mishipa inatanuka, damu inajaa. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina 3 hadi 4. Ugonjwa wa mishipa huwa wa mwili mzima, basi ile myembamba ndiyo inayoonyesha kasoro kwanza. Mara nyingi tatizo hili hutangulia dalili za moyo kwa miaka 2 hadi 5.

Naomba hili lichukuliwe kwa uzito wake. Miaka hiyo ni muda wa kupima na kutibu. Mwanaume anayeificha shida hii kwa aibu, au anayetafuta dawa ya kificho, anaupoteza muda huo wote. Bila shaka si kila tatizo la nguvu za kiume ni la mishipa. Msongo wa mawazo, dawa fulani na magonjwa mengine nayo yamo. Ila mwenye kitambi aliyeanza kuliona ana sababu ya kupimwa presha, sukari na mafuta ya damu mwezi huu huu.

Dalili nyingine ni misuli ya nyuma ya mguu kuuma unapotembea na kutulia unaposimama. Hapo mishipa ya miguu imeshakuwa myembamba.

Mishipa iliyokwisha kuathirika hupona?

Bonge lililokomaa ukutani haliyeyuki kirahisi. Lakini utando wa ndani unaweza kurejea kufanya kazi yake. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, presha, sukari na trigliseridi huanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 100, hiyo ni kilo 5 hadi 10. Hahitaji kurudi alivyokuwa akiwa na miaka 20.

Mwaka 2004 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 110 wanene wenye upungufu wa nguvu za kiume. Nusu yao walipewa mwongozo wa kina wa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kwa miaka 2. Katika kundi hilo, karibu theluthi moja walirudi kwenye hali ya kawaida. Katika kundi jingine ni wachache mno.

Mazoezi yana faida hata mzani ukikataa kusogea. Damu inapopita kwa kasi huusugua utando wa mshipa, na msuguo huo ndio unaouamsha utoe oksidi ya nitriki. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia. Kama umekaa miaka bila kujishughulisha, au kifua kinabana ukipanda ngazi, muone daktari kwanza.

Nile nini?

Anza na vinywaji vyenye sukari, viache. Pombe ipungue. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya viwandani. Sahani ijae mboga zaidi, na nafaka ziwe zisizokobolewa. Ukivuta sigara, iache hata kabla ya kugusa chakula, maana moshi unauumiza utando uleule.

Vidonge vya kuongeza nguvu za kiume si vinatanua mishipa? Vinatosha?

Vidonge hivyo, yaani sildenafili (Viagra) na wenzake, hurefusha kazi ya oksidi ya nitriki iliyopo kwa muda tu. Havitengenezi utando, havitoi mafuta tumboni. Kwa waliopimwa na kuandikiwa, ni dawa nzuri. Hatari iko kwa anayejinunulia huku akitumia dawa za nitrati, zile za maumivu ya kifua: zikikutana, presha inaweza kuporomoka ghafla hadi kuua. Kwa hiyo, ikiwa umemeza kidonge hicho na kifua kikaanza kubana, uzito ukisambaa kwenye mkono au taya, jasho likikutoka, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali, na kabla hujapewa dawa yoyote mwambie anayekuhudumia umemeza nini na saa ngapi.