Kulanti si ya nchi za baridi tu

Ukikaa kwenye gereji Tanga hukosi kuambiwa kwamba kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya Ulaya, ya kuzuia maji yasigande. Kigari cha familia kilichochoka kinatosheka na maji ya bomba. Nusu ya maneno hayo ni kweli, maana Raskazone hapa Tanga hakugandi kitu. Ila hiyo ni kazi moja tu ya kulanti.

Kazi nyingine, ambayo kwa gari kuukuu ndiyo kubwa, ni kuzuia kutu. Ndani ya injini maji yanapita kwenye chuma na alumini, na yakiwa matupu yanavila. Kutu na magamba ya madini huziba vijia vyembamba vya rejeta. Hutagundua ukizunguka mjini; utagundua ukipandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, gari limejaa ndugu na magunia, mshale wa joto ukipanda nao. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi ndiyo mabaya kupita yote.

Tena, mchanganyiko wa kulanti na maji, nusu kwa nusu, huchemka karibu nyuzi 107, si 100, kabla hujahesabu shinikizo la mfuniko wa rejeta, linalopandisha zaidi. Changanya na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (siyo asidi, tafadhali), isipokuwa kopo limeandikwa kuwa tayari imechanganywa.

Na fundi akitaka kung'oa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti kwa sababu ya joto letu, mkatalie kwa adabu. Injini itachelewa kupata moto na itakula mafuta zaidi.