Ndizi Moja Mjini Palermo

Ninapofundisha uandishi wa miswada ya filamu, kisa cha kufananishwa hakikosi kuletwa darasani: mtu mwema ana sura moja na jambazi, genge linamwinda, naye anakimbia huku akilia, "Siye mimi!" Tukifika ukurasa wa kumi kicheko kimekwisha. Anayejua kwamba amefananishwa hana la kufanya ila kukana, na kukana hakuchekeshi mara mbili.

Hapo huwawekea Johnny Stecchino, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1991 aliyoiongoza Roberto Benigni na kuiandika pamoja na Vincenzo Cerami. Benigni anacheza watu wawili. Dante ni dereva wa basi la vijana wenye ulemavu, mtu mpole, ingawa anajifanya mkono wake umeharibika ili alipwe bima. Johnny ni bosi wa Mafia, mtandao wa wahalifu wa kisiwa cha Sicilia, aliyewachoma wenzake kwa polisi na sasa amejificha Palermo, mji mkuu wa kisiwa hicho. Mkewe, Maria, anamwona Dante kwa bahati, anashtushwa na mfanano ule, kisha anamkaribisha Palermo, anamvika suti na kumtia mdomoni kijiti cha kuchokolea meno, ambacho ndicho maana ya jina Stecchino. Nia yake Dante auawe, watu waamini Johnny amekufa, mume na mke watoroke.

Ufundi wote uko kwenye ndizi. Dante anaiba ndizi sokoni. Baadaye anamiminiwa risasi, na hata hajiulizi wanamdhania nani, maana jibu analo: wamekasirikia ile ndizi. Watu wakimgeukia kwa hasira, ni ndizi tena. Sisi tunaojua genge linataka nini tunaingiwa na hofu, lakini yeye kila jambo linamkalia sawa katika hesabu yake. Mwandishi amempa kosa dogo la kweli, kwa hiyo adhabu yoyote inayomjia ina maelezo. Nimeitazama filamu hii mara nyingi na bado nastaajabia uamuzi huo.

Tena kuna onyesho la ndani ya gari. Mwenyeji wake, mzee mwenye sauti nzito, anamweleza majanga yanayoiaibisha Sicilia: volkano ya Etna, ukame, na la tatu, baya kuliko yote, foleni za magari! Neno tunalolisubiri, Mafia, halitamkwi. Hapo ndipo naona kicheko na woga vinashika mzizi mmoja. Dante haambiwi ukweli kwa sababu mjini mule jambo lenyewe halitajwi. Mtu mmoja angelitaja tu, hadithi ingekwisha papo hapo.

Wala halikuwa jambo la kubuni. Tarehe 29 Agosti 1991, Libero Grassi, mfanyabiashara wa Palermo aliyekataa hadharani kuilipa Mafia fedha za ulinzi, yaani zile inazotoza kwa vitisho, alipigwa risasi na kuuawa karibu na nyumbani kwake. Filamu ilitoka Oktoba ya mwaka huohuo. Watazamaji wa Italia waliosikia mzee akilalamikia foleni walikuwa bado na habari ile masikioni.

Mwishoni mwa filamu ni Maria mwenyewe anayemsaliti Johnny kwa maadui zake. Wanasimama kwenye kituo cha mafuta, Johnny anaingia chooni, na aliowasaliti wanamngoja humo. Dante anarudi kwao salama, bila kujua kwamba siku zote zile alikuwa akihesabiwa mtu mwingine.