Je, wajua kwa nini bwana afya hulitilia shaka shimo la majitaka lisilojaa?

Mwenye nyumba anayejenga Pongwe, Kiomoni au kwingineko kwenye mawe ya chokaa ya Tanga hufurahi fundi anapomwambia kwamba shimo lake la majitaka limefika kwenye mwamba wenye nyufa na kwa hiyo halitajaa kamwe. Bwana afya akisikia habari hiyo hiyo huanza kuuliza maswali, na huenda akakataa kuidhinisha kazi mpaka ibadilishwe. Si usumbufu wa ofisi, ingawa foleni za vibali zimewazoesha watu kufikiri hivyo. Sababu yenyewe imo ardhini.

Mfumo wa majitaka wa nyumbani una sehemu mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni karo, yaani tangi la kutulizia majitaka, ambalo halitakiwi kuvuja hata kidogo. Humo maji hutulia kwa muda usiopungua siku moja, tope likazama, mafuta yakaelea juu, na bakteria wasiohitaji hewa wakaendelea kulila tope hilo polepole. Maji yanayotoka hapo huonekana mepesi, lakini bado yamebeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini iwapo mtu wa nyumba hiyo anaumwa. Usafishaji hasa hufanyika katika sehemu ya pili, yaani shimo la kufyonza, na anayeufanya ni udongo unaolizunguka: maji hupenya taratibu kati ya chembe zake, vijidudu vikanaswa na kufa kabla ya kufikia maji ya chini.

Mwamba wa chokaa hauifanyi kazi hiyo. Maji ya mvua yenye tindikali hafifu huuyeyusha na kupanua nyufa zake kwa maelfu ya miaka, na anayetaka kuona mwisho wa jambo hilo aende kwenye mapango ya Amboni, kaskazini ya jiji. Majitaka yakiingia kwenye ufa wa namna hiyo hukimbia bila kuchujwa, na huweza kuibukia katika kisima cha jirani. Ndiyo maana viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinavyotaka choo kiwe umbali wa mita 30 kutoka chanzo cha maji ya chini, vinasisitiza kwamba umbali huo uongezwe penye mwamba wenye nyufa.

Kibali cha ujenzi huanza na ramani, ambayo inapaswa kuonyesha karo, shimo la kufyonza, mipaka ya kiwanja na visima vilivyo karibu. Penye ufuo au ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Hata hivyo ramani haisemi chini kuna nini, na hapo ndipo ukaguzi wa shimo lililo wazi unapokuwa na thamani kuliko mihuri yote. Likishafunikwa, hakuna awezaye kujua kama karo limepigwa plasta vizuri, kama bomba la kuingilia liko juu kidogo ya lile la kutokea, au kama fundi aliacha sakafu bila zege ili apunguze mifuko ya saruji. Ili kulijaribu, karo hujazwa maji na kuachwa usiku kucha. Kina kikishuka, linavuja.

Maeneo ya karibu na bahari, kama Raskazone, yana shida yake, kwa kuwa maji ya chini huweza kupanda wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa sana, na wa masika. Shimo lililochimbwa katika kiangazi huweza kuonekana kavu kabisa, kwa hiyo mkaguzi mzoefu hutazama pia madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu kwenye kuta zake, ambayo ni alama ya udongo unaolowa mara kwa mara.

Mwamba ukiwa karibu mno na uso wa ardhi, njia huwa mbili: kujenga tuta la mchanga juu ya ardhi ili majitaka yachujwe humo, au kujenga tangi lililozibwa kabisa, lisilo na pa kutolea maji. La pili huhitaji gari la kunyonya majitaka kila mara, hivyo mkaguzi atataka kuona mfuniko usiozikwa chini ya baraza na njia ambayo gari litapita.