Wewe ni mwanafunzi, si wakili wa dini yako

Mwanafunzi anayekuja ofisini kwangu kwa jambo hili, kuonewa kwa sababu ya dini yake, haanzi nalo. Anaanza na mengine: anataka kuhama chumba bwenini, au kikundi chake cha kazi hakielewani, au amekosa jaribio na mhadhiri hataki kumsikiliza. Namwacha azunguke. Zikipita dakika kumi hivi anatoa simu, anatafuta ujumbe kwenye kundi la darasa na kunisogezea bila kuniangalia usoni. Ni kichekesho kuhusu namna watu wa dini yake wanavyosali, na chini yake wenzake wamejaza alama za vicheko. "Wala sijakasirika," ananiambia. Karibu wote husema hivyo.

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wanafunzi, na kabla ya hapo nami nilikuwa mmoja wa wale wa dini ya wachache darasani. Dini yangu sitaitaja. Nikiitaja tu, msomaji ataanza kupima kila sentensi kwa kuangalia natetea upande gani. Isitoshe, haya ninayoyaeleza nimeyasikia kwa watu wa imani ambazo kwingineko ndizo za walio wengi. Aliye mnyonge hapa, akivuka mpaka mmoja tu anakuta watu wake ndio wenye kauli. Hata wasioamini dini yoyote huja kwangu, na kilio chao ni kilekile.

Watu wakisikia uonevu wa kidini hufikiria matusi. Matusi yapo, lakini angalau yanajulikana kwa sura. Kinachowachosha wengi ni vitu viwili ambavyo havina sauti ya ugomvi kabisa: ratiba na maswali.

Tuanze na ratiba. Mtu wa dini ya walio wengi hajawahi kuandika barua kuombea ruhusa sikukuu yake. Iko kwenye kalenda tayari, chuo kimefungwa, na siku yake ya ibada ya kila wiki huenda ndiyo siku ya mapumziko. Kwa hiyo yeye haoni kama amepewa kitu. Wewe ukiomba siku moja tu, unaonekana unataka upendeleo. Vyuo vingi vya zamani vilizaliwa ndani ya dini moja, na athari zake ziliondoka polepole sana. Uingereza ilihitaji sheria ya bunge, mwaka 1871, ili kufuta masharti ya kidini yaliyokuwa yakiwazuia wasio Waanglikana kupata shahada na nyadhifa kadhaa katika vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na Durham. Masharti kama hayo ni rahisi kuyaona kwa sababu yameandikwa, ukilinganisha na kalenda ambayo hakuna anayekumbuka ilipangwaje. Aliyeweka mtihani kwenye siku yako kuu, mara nyingi, hakukusudia ubaya. Hakujua tu kwamba upo.

Maswali ni mazito zaidi. "Hivi ninyi mnaamini nini hasa?" "Mbona watu wenu walifanya vile kule?" Tukio linatokea maelfu ya kilomita mbali, na siku ya pili yake unaingia darasani ukiwa msemaji wa mamilioni ya watu usiowajua. Muulizaji pengine hana nia mbaya. Lakini yeye ameuliza mara moja, na wewe umejibu mara ya thelathini muhula huu, na jibu lako likiwa dhaifu inahesabika kwamba dini yako ndiyo dhaifu. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha kwamba mwanafunzi anayehofia kuthibitisha fikra mbaya walizonazo watu kuhusu kundi lake anaweza kufanya mtihani vibaya kuliko uwezo wake halisi. Walichunguza wanafunzi weusi wa Marekani, si dini, kwa hiyo sitaki kuunyoosha utafiti wao kupita kiasi. Ila mzigo wenyewe naujua. Nimeuona ukikaa kwenye kiti kilicho mbele yangu.

Ndiyo maana neno langu la kwanza kwa mwanafunzi huwashangaza wengi: acha kuitetea dini yako. Ipende, ishike, isome. Lakini hukudahiliwa chuoni uje kuwa wakili wake, na hakuna kifungu cha taratibu za chuo kinachosema utapata haki zako baada ya kushinda mdahalo. Ukiulizwa kwa nia njema na una nguvu, jibu. Ukiwa umechoka, sema, "Leo sina hamu ya kuzungumzia hilo," kisha rudi kwenye kazi iliyowakutanisha.

Na kazi hiyo ina maana kuliko inavyoonekana. Mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki dhidi ya makundi, alieleza ni lini kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki hizo: wakiwa na hadhi sawa pale walipo, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na wenye mamlaka wakiliunga mkono jambo hilo. Sasa pima mdahalo wa dini kwa vipimo hivyo. Hakuna lengo moja hapo, hakuna ushirikiano, kila mtu amekuja kushinda. Pima na kikundi cha maabara chenye ripoti ya kukabidhi Ijumaa. Nimeona watu wakizoeana juu ya jedwali la data lililokataa kukaa sawa, tena wale wale ambao wiki moja kabla hawakutaka kukaa benchi moja.

Kwa mambo ya ratiba, tumia karatasi. Mwanafunzi mmoja aliniletea rasimu ya barua yake kwa mhadhiri: ukurasa mmoja na nusu, aya tatu za maandiko matakatifu, historia ya siku yenyewe, na mwishoni ombi lililofichwa ndani ya radhi nyingi. Tukakaa nayo na kalamu. Ikabaki hivi: "Mheshimiwa, jaribio la somo lako limepangwa tarehe 14. Hiyo ni siku ya ibada ya lazima katika dini yangu, hivyo sitaweza kuhudhuria. Naomba kulifanya kabla au baada ya siku hiyo, kwa muda utakaoupanga. Nakala nimempelekea mkuu wa idara." Maandiko tuliyaondoa kwa makusudi. Ukimpa mhadhiri aya, umempa kitu cha kuhukumu, na atakujibu kwamba anamfahamu mwenzako wa dini hiyo hiyo ambaye hana shida na tarehe hiyo. Mpe tarehe na ombi. Mpe mapema, wiki za mwanzo za muhula, kabla ya ratiba kubandikwa, maana ombi la siku mbili kabla ya mtihani hata mimi lingenitia shaka.

Akikataa, panda ngazi: mkuu wa idara, kisha mlezi wa wanafunzi, kila hatua kwa maandishi. Hapo ndipo inafaa kujua kuna nini nyuma yako. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, wa mwaka 1966, inalinda uhuru wa dini na imani, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliifafanua mwaka 1993. Ufafanuzi huo unasema ulinzi ni wa wenye dini na wasio na dini vilevile, na unataja waziwazi kuadhimisha sikukuu na siku za mapumziko, masharti ya vyakula na mavazi. Unasema pia kwamba dini kuwa ya taifa, au ya walio wengi, si sababu ya kuwabagua wengine. Simshauri mwanafunzi aanze na mkataba wa kimataifa kwenye barua ya kwanza. Ni kama kuua mbu kwa rungu. Lakini ukijua upo, unaandika bila kutetemeka.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wangu hawalipendi. Si kila kinachouma ni uonevu. Mhadhiri wa falsafa akichambua hoja za kuwepo kwa Mungu na kuziona zina matundu, anafanya kazi yake, na wewe una haki ileile ya kuzichambua hoja zake. Mwenzako akisema haamini unachoamini, hajakutukana. Uonevu unaanza pale anapoguswa mtu: alama zake, nafasi yake kwenye kikundi, usalama wake chumbani, heshima yake. Na yakifika kwenye vitisho, kufuatwa njiani au kuguswa mwili, usije kwangu kwanza. Nenda kwa walinzi wa chuo au polisi, ukiwa na picha za ujumbe zenye tarehe. Kunyamaza ukisubiri yapoe ni kosa ninaloliona mara nyingi.

Kuhusu lile kundi la darasa, nilimuuliza mwanafunzi mmoja aliyenionyesha ujumbe kama ule kama kulikuwa na mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hakucheka. Sikuuliza ili kumfariji. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, mtu aliketishwa kati ya watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari, na karibu theluthi moja ya majibu yalifuata uongo ule ambao macho yaliuona kabisa. Alipowekwa mshirika mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka hadi kama robo ya hapo. Mwanafunzi alifikiri, akasema yupo msichana mmoja aliyeandika, "Hii haichekeshi." Ujumbe ule ulikuwa umemezwa na vicheko, hakuwa ameutilia maanani. Nikamwambia akamtafute, wala si kuzungumzia dini, amuulize tu kama ana mtu wa kusoma naye.

Namshauri hivyo kwa sababu mimi sikufanya. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga kwa siri. Niliyekuwa nalala naye chumba kimoja aliponiuliza mbona sili mchana, nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Kesho yake akaja na dawa. Na kesho kutwa. Alikuwa akipita zahanati ya chuo kila baada ya vipindi, anapanga foleni, ananiombea dawa. Mfungo ulipoisha nilikuwa na mfuko mzima wa vidonge chini ya godoro, na yeye mpaka tunahitimu alikuwa bado ananiuliza tumbo linaendeleaje.