Gestapo haikuwa na makachero kila kona

Wengi hudhani Ujerumani ya Hitler ilijaa makachero mpaka uvunguni. Si kweli. Mwaka 1937 Gestapo, yaani polisi wa siri wa Hitler, ilikuwa na maafisa 126 tu Düsseldorf, kwa mji wa watu kama laki tano. Wangemfuata nani wakamwacha nani?

Masikio walikuwa raia wenyewe. Kusikiliza redio ya London kulipopigwa marufuku Septemba 1939, jirani wa ukuta mmoja alitosha kukupeleka jela. Wake waliotaka kuachana na waume zao waliwashtaki. Majalada ya Gestapo yaliyosalia katika mji wa Würzburg yana taarifa nyingi za aina hiyo, na mara nyingi siasa ni kisingizio tu: ndani yake kuna deni, wivu, ugomvi wa majirani kwenye ngazi. Wakubwa wa Gestapo wenyewe walilalamikia uzushi, ila hawakuacha kuzipokea taarifa hizo.