Wi-Fi si intaneti: kujua kasi imekwama wapi

Mwalimu mmoja wa Ujiji aliniletea laptopu hapa Mwanga, Kigoma, akisema intaneti ya kwake imekufa. Alikuwa ameshahamia kifurushi kikubwa zaidi, lakini video za masomo zikaendelea kuzunguka tu. Niliiwasha kibandani kwangu, ikashika Wi-Fi yangu, video ikaenda bila kusita. Iliniuma, kwa sababu pesa aliyoongeza ilikwenda kununua intaneti, wakati shida yake ilikuwa Wi-Fi.

Intaneti ni njia inayotoka nje, kwa mnara au kwa waya, ikaishia kwenye ruta yako, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Wi-Fi ni kipande kifupi kilichobaki, yaani mawimbi ya redio kati ya ruta na laptopu. Chukua mzigo wa dukani unaotoka Dar es Salaam kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 mpaka stesheni ya Kigoma. Kutoka stesheni mpaka dukani anaubeba mtu wa guta. Guta likipata pancha njiani, treni iwe imewahi vipi, rafu zako bado tupu.

Kipande hicho cha Wi-Fi kina kasi yake, na hiyo ndiyo watu wengi hawajawahi kuitazama. Mawimbi yakifika na nguvu, laptopu na ruta hupeana data kwa haraka. Yakififia, hupunguza mwendo ili zisikosee. Kwenye Windows, fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike netsh wlan show interfaces. Utaona nguvu ya mawimbi kwa asilimia, na kasi ya kupokea na ya kutuma kwa megabiti kwa sekunde. Kasi utakayoipata kweli huwa karibu nusu ya namba hiyo, wakati mwingine chini yake.

Jioni nilikwenda kwa mwalimu. Ruta ilikuwa sebuleni, imesukumwa nyuma ya kabati la chuma, na yeye anafanyia kazi chumba cha ndani, kuta mbili za tofali za kuchoma katikati. Kasi ya kupokea ilisoma 13.

"Sasa mwanangu, niongeze tena bando?"

"Hapana mama, tuihamishe ruta."

Tuliipandisha juu ya rafu ya mbao kwenye korido. Laptopu ikiwa palepale mezani, namba ikapanda hadi 144.

Chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka, na maji huyanyonya, kwa hiyo tangi la maji nalo ni kizuizi. Ruta nyingi zina masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ila yana msongamano, kwa sababu ruta za majirani na vifaa vya bluetooth vyote vimo humo. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini ukuta mnene huyachosha upesi. Ukiwa chumba kimoja na ruta, chagua ya 5. Ukiwa mbali, rudi kwenye 2.4.

Jambo moja zaidi, nalo huwashangaza wengi: vifaa vilivyo kwenye masafa mamoja hupokezana zamu ya hewani. Laptopu iliyo mbali, yenye kasi ya 13, hukaa muda mrefu hewani kupakua faili ambalo ya karibu ingelimaliza mara moja, na wengine wote wanaisubiri. Ndiyo maana mtu mmoja wa chumba cha uani anaweza kuichelewesha nyumba nzima.

Kabla ya kulipia chochote, beba laptopu ukae mita moja kutoka kwenye ruta, ujaribu tena. Ikikimbia, tatizo ni kuta na umbali. Ikiwa bado inasuasua lakini simu yako hapohapo inakwenda vizuri, tatizo ni laptopu: angalia kama Windows inapakua masasisho kimyakimya, au kama hali ya kubana betri imeipunguzia Wi-Fi nguvu. Vyote viwili vikisuasua hapo karibu, na hakuna mwingine nyumbani anayepakua kitu, sasa shida iko upande wa intaneti. Hapo ndipo pa kuipigia simu kampuni, na anayepokea mwambie mapema kwamba umepima ukiwa pembeni ya ruta, kwa simu na kwa laptopu.